Chupa ya Nyamburi

Chupa zilikuwa zile ndogo za penisilini, zimechemshwa, na kila moja imebandikwa plasta yenye jina. Bwana Nassibu wa maabara ya Musoma alizipanga juu ya meza ya mwalimu kama mtu anayepanga mayai, akawa anaita majina na akina mama wanakuja kupokea. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Chakula ni Uhai. Redio ilisema habari za lishe kila wiki, na vijiji vya ujamaa kutoka Bunda mpaka Butiama vilikuwa na vikundi vya kusikiliza. Pale Nyarusanda kiongozi wa kikundi alikuwa Wankyo, mke wa Clementi balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa alimaliza darasa la nne na aliweza kusoma kijitabu bila kuburuta kidole chini ya maneno.

"Mkojo wa kwanza wa asubuhi," Bwana Nassibu alisema. "Mtoto akiamka tu. Wa jana siutaki, wa mchana siutaki. Na kila mtoto chupa yake."

Akina mama waliinamisha vichwa, wengine wakaziba midomo kwa kanga. Mama Silasi peke yake ndiye hakuinama. Mwanamke yule ulimi wake ulikuwa umenolewa pande zote mbili.

"Mnaona haya gani? Mficha uchi hazai, na ninyi nyote hapa mmezaa." Kisha akamgeukia mgeni. "Bwana daktari, huo mkojo utakuambia nini ambacho mdomo umeshindwa?"

"Mimi si daktari, mama, mimi ni mpimaji tu. Unaniambia mengi. Damu ya kidole inanionyesha kama mtoto anapata mboga na nyama. Choo kinanionyesha minyoo. Mkojo unanionyesha sukari. Nauchanganya na dawa ya buluu, nauchemsha kwenye moto. Kama sukari hakuna, unabaki buluu. Kama ipo, unakuwa kijani, unakuwa njano, na ikizidi unakuwa mwekundu kama tofali la kuchoma. Mnaona wenyewe kwa macho. Haifichiki."

"Alaa," alisema Mama Silasi. "Basi kesho tutajua ile sukari ya uji inaliwaga nyumba gani."

Darasa zima likacheka. Bwana Nassibu naye akacheka, maana kicheko kinaambukiza, ingawa hakujua kilichochekwa. Akaita jina lingine. Wankyo alicheka pia, lakini kicheko chake kilichelewa, kikatoka wakati wenzake wamekwisha kunyamaza. Alikuwa na chupa mbili mkononi. Moja iliandikwa Jeska Clementi, nyingine Nyamburi Clementi.

Sukari yenyewe ilikuwa hivi. Kila wiki duka la kijiji lilitoa kilo tatu kwa kikundi, za kutilia uji wa watoto wadogo ili mama zao waende shamba la pamoja. Siku zile sukari ilikuwa adimu kuliko mvua. Debe lilikaa nyumbani kwa Wankyo, kwa sababu ndiye aliyeaminiwa. Na kwa miezi miwili Wankyo alikuwa akichota, kila siku konzi moja, anaifunga pembeni ya kanga, anamtilia Nyamburi kwenye uji wake peke yake nyuma ya jiko.

Hakuwa mwizi. Kila aliyemjua angemtetea. Lakini Nyamburi, binti yake wa miaka tisa, alikuwa anakwisha mbele ya macho yake. Alikula kuliko baba yake, na mbavu zikazidi kuhesabika. Alikunywa maji mpaka akaweka mdomo kwenye mtungi wenyewe, na usiku akalowesha mkeka kama mtoto mchanga. Wankyo alikuwa ndiye anayewasomea wenzake kwamba mtoto aliyekonda ni mtoto ambaye mama yake hajui kumlisha. Angesimamaje mbele yao na mtoto wa namna ile? Kijitabu kilisema sukari na mafuta hutia nguvu. Akamtia nguvu. Mtoto akazidi kukonda, naye akazidisha konzi.

Halafu kulikuwa na sisimizi. Mama mkwe wake, Bibi Wegesa, ndiye aliyewaona kwanza, nyuma ya nyumba pale Nyamburi alipozoea kuchutama. Walikuwa wamejipanga mstari mweusi mpaka kwenye udongo ule uliolowa, kama wanaofuata asali.

"Mama Nyamburi, njoo uone," mzee alisema. "Mkojo wa mtu haufuatwagi na sisimizi. Kuna kitu hapo."

"Ni joto tu, mama."

"Joto lipo kila nyumba. Sisimizi wapo kwako."

Sasa Wankyo alifikiri alichofikiri, na ukikaa mahali pake utaona kwamba haikuwa fikra ya mjinga. Aliitia sukari mdomoni mwa mtoto, na kwa macho yake aliiona inatokea chini, sisimizi wanaila. Na sasa amekuja mtu na dawa inayoiona sukari ndani ya mkojo, itakayogeuka nyekundu mbele ya kijiji kizima. Katika Nyarusanda nzima ni mtoto gani mwingine aliyekuwa anakula sukari kiasi hicho? Watoto wengine wataonekana buluu, wake tofali. Hakuna atakayeuliza swali la pili.

*

Asubuhi, kabla jirani hawajafungua milango, aliwaita watoto nyuma ya nyumba. Akampa Jeska, mdogo, chupa ya kwanza. Jeska akakojoa, akacheka mkono ulipolowa. Wankyo akamshikia ya pili.

"Na hii tena?"

"Jaza."

"Hii ya Nyamburi, mama. Imeandikwa Nyamburi." Jeska alikuwa ameanza darasa la kwanza na alisoma kila alichokiona.

"Jaza, nimesema. Na huko shuleni usifungue mdomo."

Nyamburi alikuwa ameegemea ukuta, blauzi imemwanguka bega kwa wembamba. Alitazama chupa ile ikijaa.

"Mama, mimi ninao mwingi," alisema. "Mbona mimi ndiye ninao mwingi?"

"Wako nitaupeleka siku nyingine."

"Siku gani?"

Wankyo alifunga vizibo, akazifuta chupa kwa kanga. Nyamburi akaenda akachutama mahali pake, akakojoa muda mrefu, na mama yake akageuza uso kama mtu aliyepita karibu na ugomvi usiomhusu.

*

Kwenye darasa Bwana Nassibu alikuwa amewasha taa yake ya spiriti. Kando yake alikaa Sista Euphrasia, mwuguzi, mtu mzima mwenye miwani. Yeye alichoma vidole, akadondosha damu kwenye karatasi ya kunyonya wino na kuilinganisha na kitabu chenye wekundu wa namna kumi, kuanzia wa waridi mpaka wa damu ya ng'ombe. Watoto walipimwa uzito wakining'inia kwenye mzani wa pamba. Kila jibu lilisomwa kwa sauti, maana katibu wa kijiji alisema mambo ya ujamaa hayana siri.

"Silasi Kwangu. Damu pungufu. Minyoo ipo." Mama Silasi akabana midomo, na akina mama wawili wakagusana viwiko.

"Jeska Clementi. Damu nzuri. Sukari hakuna."

Ikafika zamu ya Nyamburi. Mshale wa mzani haukusogea sana. Sista Euphrasia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamvuta mtoto karibu, akamtazama ulimi, akabana ngozi ya mkono wake na kuiachia.

"Mama, huyu anakula?"

"Anakula vizuri, sista."

"Maji anakunywaje?"

"Kawaida tu."

"Usiku anajikojolea?"

Nyamburi alimtazama mama yake, na macho yale makubwa yalikuwa yanauliza kama ruhusa ipo. Wankyo akamwekea mkono begani.

"Hajikojolei. Ni mtoto mkubwa huyu."

Bwana Nassibu alishika kile kichupa kirefu juu ya moto kwa koleo. Kikachemka. Wankyo aliona mapovu yakipanda na moyo wake ukapanda nayo, ingawa alijua ni mkojo wa nani. Buluu ikabaki buluu.

"Nyamburi Clementi. Damu nzuri. Sukari hakuna."

"Kiongozi wetu huyo," alisema mmoja nyuma, na akina mama wakapiga makofi.

Sista Euphrasia hakupiga makofi. "Nassibu," alisema taratibu, "nataka mwingine wa mtoto huyu. Hapa hapa, tusiusubiri wa kesho. Mama, mpeleke nje na chupa hii, mrudi."

Mlango wa kusema kweli uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena, tena na mtu mwema. Kilichotakiwa ni hatua kumi tu mpaka nyuma ya darasa. Wankyo aliitazama chupa tupu mkononi mwa mwuguzi, akawatazama wenzake waliokuwa bado wanatabasamu.

"Ametoka kukojoa sasa hivi, sista. Hana kitu."

"Ninao," alisema Nyamburi.

"Huna," alisema mama yake, na vidole vyake vikakaza begani.

Nje dereva alikuwa anapiga honi. Walitakiwa kufika Butiama kabla ya saa sita, na huko watoto wengine walikuwa wamepangwa mstari. Sista Euphrasia alisimama kidogo, kisha akakaa, akaandika kile ambacho majibu yalimruhusu kuandika. Akasema mtoto apewe dawa ya minyoo, na kwa kuwa sukari haipo na damu ni nzuri, udhaifu huu ni wa chakula cha nguvu. "Karanga, mafuta, na uji wenye sukari mara tatu kwa siku. Akina mama, msaidieni mwenzenu. Na mama, ukiona hanenepi, mlete Musoma. Usingoje."

Gari likaondoka na vumbi lake.

Jioni ile Mama Silasi alibisha hodi. Alikuwa na kikombe cha bati kimefunikwa kitambaa, na ndani yake sukari, ya mgawo wa nyumba yake. Nyuma yake walikuwa wengine watatu.

"Ya mtoto hii," alisema. "Usinishukuru. Mimi wangu ana minyoo, anaweza kula uji wa chumvi, minyoo haichagui."

Wankyo aliipokea kwa mikono miwili. Angeweza kusema hapo. Alisema, "Mungu awalipe."

*

Siku tisa Nyamburi alikunywa uji mtamu kwa idhini ya kijiji kizima. Siku ya kumi alianza kutapika. Siku ya kumi na moja alipumua kama mtu aliyepanda mlima, kwa kina, mbavu zikiingia na kutoka, na pumzi yake ikanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Bibi Wegesa alimnusa akasema, "Mpelekeni. Leo, msilale."

Clementi alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli mpaka Bunda, Wankyo akifuata kwa miguu na mwendo wa mbio. Wakalipata basi litokalo Mwanza. Njiani Nyamburi aliomba maji, akanywa, akaomba tena, na kabla ya kufika Musoma akaacha kuomba.

Hospitalini mwuguzi alimchukua mkojo kwa mpira, akamkabidhi Wankyo kopo.

"Kimbia dirisha lile la maabara. Waambie ni wa haraka."

Ndivyo Wankyo alivyoupeleka mkojo wa mwanawe kwa mpimaji, mwenyewe, kwa mikono yake, siku kumi na moja nyuma ya wakati. Dirishani alikuwa Bwana Nassibu. Hakumtambua mara moja. Alichanganya, akawasha moto, na kabla hata haijachemka sawasawa ile dawa ikaruka kijani, ikaruka njano, ikasimama kwenye wekundu mzito uliozama chini kama udongo.

"Jina la mgonjwa?"

"Nyamburi Clementi."

Akainua macho. Sasa alimtambua. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na daftari, akafunua kurasa, akaweka kidole na kukiacha hapo.

"Huyu nilimpima mimi," alisema. "Nyarusanda. Nimeandika hakuna." Alikitazama kile kichupa chekundu, akaitazama tena karatasi. "Mama, mtoto huyu ana ugonjwa wa sukari. Mwili wake umeshindwa kuitumia sukari, unaimwaga. Haihusiani na alichokula, angekula hata mlenda mtupu ingeonekana. Siku zile nilipokuja alikuwa nao tayari. Lazima alikuwa nao. Ningeuona."

"Haihusiani na alichokula?" Wankyo aliuliza.

"Hapana, mama. Sukari ya kwenye uji haiingii kwenye mkojo wa mtu mwenye afya. Ingekuwa hivyo sote tungekuwa wekundu."

Wankyo alishika chuma cha dirisha.

"Na angeonekana siku ile?"

"Tungemchukua na gari lile lile. Dawa ya sindano tunayo, iko kwenye friji hapo ndani. Kuna mtoto wa mtaa wa Nyasho anachomwa kila asubuhi, halafu anakwenda zake shule." Alifuta uso kwa kiganja. "Dawa yangu ya buluu lazima iliharibika kwa joto la gari. Nisamehe, mama. Sijui ni wangapi wengine nimewaandika hakuna."

Mdomo wa Wankyo ulifunguka. Clementi alikuwa amekwisha kufika nyuma yake na alikuwa amesikia maneno ya mwisho tu, yale ya dawa iliyoharibika. Wankyo akaufunga.

Walimchoma Nyamburi sindano ile, wakamtundikia maji. Alfajiri ya siku ya pili alifungua macho mara moja, akamtazama mama yake kwa namna ya mtu anayetaka kukumbuka jina, akayafumba.

*

Siku ya nne ya matanga Clementi alikuja na karatasi na kalamu mpaka kwenye mkeka ambapo akina mama walikuwa wamekaa na mkewe. Macho yake yalikuwa yamevimba. Yeye alijua kusoma kwa kubahatisha tu, kwa elimu ya watu wazima.

"Mwandiko wako ndio mzuri," alisema. "Andika kwa mganga mkuu wa mkoa. Andika kwamba mpimaji wake Nassibu alikuja na dawa mbovu, akatuambia mtoto mzima, tukamlisha sukari mpaka tukamuua. Amekiri mwenyewe, nilisikia kwa masikio yangu. Asipime mtoto wa mtu tena."

Akina mama wakaitikia kwa kuguna. Wankyo aliipokea karatasi, akaiweka juu ya goti.

"Baba Nyamburi, keti."

"Andika kwanza."

"Keti nikuambie. Dawa haikuwa mbovu. Ule ulikuwa mkojo wa Jeska."

Bibi Wegesa aligeuka taratibu kutoka jikoni. Na kwa kuwa alikuwa ameanza, Wankyo alisema yote, bila kulia: konzi moja kila siku, debe, sisimizi, tofali jekundu, hatua kumi mpaka nyuma ya darasa. Alisema, "Niliogopa mtaona sukari yenu ndani ya mwanangu."

Clementi alikuwa amekaa chini bila kujua amekaa. Alitazama mikono yake, mmoja halafu wa pili.

Mama Silasi ndiye aliyepata sauti kwanza, na haikuwa ile sauti yake ya siku zote.

"Mama Nyamburi. Ile sukari tulijua."

Wankyo akamtazama.

"Tulijua tangu mvua za kwanza. Mtu anayepika uji kila siku anajua debe limeshuka kiasi gani. Tulikaa sisi wanne kisimani tukasema, mtoto anadhoofika, mama yake anahangaika, mwacheni achote. Ikipungua tutachanga."

"Mlijua. Na yale maneno uliyosema darasani?"

"Nilikuwa natania. Mimi nataniaga kila kitu, unanijua." Mama Silasi alikuwa anausokota upindo wa kanga yake. "Nilisema wakicheka litakwisha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Tulikuonea haya. Tuliogopa kukuaibisha."

Mwanamke mmoja akaanza kulia polepole, akanyamazishwa. Jeska alikuwa amesimama mlangoni, amelishika gauni la bibi yake. Kwa siku nne mtoto yule hakuwa amesema neno hata moja, na hakuna aliyekuwa amemwuliza kwa nini. Sasa Wankyo alimwona. Akamwita, na Jeska hakuja. Ikabidi Bibi Wegesa amsukume kwa mgongo wa mkono, ndipo akaja akakaa kwenye mapaja ya mama yake, mgumu kama kuni.

"Si wewe," Wankyo alimwambia sikioni. "Wewe ulinitii tu. Ni mimi."

Clementi alinyoosha mkono akaigusa karatasi kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa chungu kuona kama bado ni cha moto.

"Andika hivyo," alisema. "Yule bwana anafikiri ni yeye. Anamwaga dawa nzuri huko."

Wankyo alimhamishia Jeska goti moja, karatasi akaiweka kwenye lingine. Alifuta jina la mganga mkuu ambalo Clementi alikuwa amejaribu kuliandika juu. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa darasa la nne, herufi kubwa, zimesimama wima, na Jeska, ambaye alisoma kila alichokiona, akalifuata kila neno kwa macho.

"Bwana Nassibu," aliandika, "ule mkojo haukuwa wa Nyamburi."